Kasha langu la NME za mwaka 1977

Nilifika London 1976 nikitokea Unguja, nina miaka 17, na kila wiki nilihakikisha nimenunua NME (New Musical Express), gazeti la muziki la Uingereza, hata kama mfukoni hamna kitu. Magazeti yale yalipotelea njiani katika kuhamahama. Mwezi uliopita nikaagiza kasha zima kwa muuza magazeti ya zamani: nakala 24 za mwaka 1977, pauni 110 pamoja na posta.

Nilipolifungua tu, harufu ya karatasi iliyokaa darini ikajaa chumba kizima. Kurasa zimekuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ukizifungua kwa pupa zinakatika kwenye mkunjo. Wino umekauka kabisa. Enzi zile ulikuwa unatuachia vidole vyeusi.

Niliyoitaka hasa ni nakala ya Juni yenye mahojiano na Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, na kile kichwa cha habari cha kumtukana. Wakati ule iliniuma kama nimetukanwa mimi, maana huyu ni mtoto wa kwetu, kazaliwa Unguja 1946. Safari hii nimeisoma mara tatu. Punk, ule muziki wa rock wa fujo wa vijana, imeingia, na gazeti linamsema kama mtu ambaye zama zake zimeshapita. Hakuna aliyejua kwamba miaka minane baadaye, pale Wembley kwenye tamasha la hisani la Live Aid, uwanja mzima utampigia makofi kwa pamoja.

Hasira zimenitoka. Huko kutojua yajayo ndiko hasa nilikokuwa nakutafuta bila mwenyewe kutambua. Mojo, jarida la muziki linaloangalia sana ya zamani, nalisoma kila mwezi na nalipenda sana, lakini waandishi wake wanajua hadithi iliishia wapi. Hawa wa NME walikuwa wanabahatisha, tena kwa sauti ya juu. Julie Burchill aliajiriwa hapo 1976 akiwa na miaka 17, rika langu kabisa, baada ya gazeti lenyewe kutangaza kwamba linatafuta waandishi vijana. Ukimsoma unasikia ujana wenyewe, pamoja na dhuluma zake.

Msiziruke kurasa za nyuma. Kuna matangazo madogo ya bendi zinazotafuta mpiga besi, namba za simu za London zote zinaanza na 01, na ratiba za maonyesho ya wiki. Kwenye nakala moja mwenyewe wa kwanza amezungushia onyesho la Ijumaa kwa kalamu ya buluu, akaandika pembeni "saa mbili". Ukurasa huo nimeukalia muda mrefu kuliko mahojiano yoyote.

Nimetoa nyota nne, si tano. Nakala mbili zilikuwa zimekatwa picha kwa mkasi na muuzaji hakusema. Nilimwandikia, akajibu baada ya wiki na kunirudishia pauni 8. Mkitaka kununua, ombeni kwanza picha za kurasa za ndani, msiridhike na jalada.