Walinikagua mpaka filimbi, kisha wakatufungia mlango wa hema mlimani

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike tathmini hii ya nyota. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Majira ya baridi yaliyopita nilikimbia mbio za milimani kwenye theluji. Jina lake silitaji. Urefu wa njia, mita za kupanda na muda wa mwisho wa kufika vyote vimo kwenye tangazo lao, atakaye ataviona huko. Mimi nina hema moja la kuzungumzia, lililopigwa juu kabisa, pale njia inapovuka mgongo wa mlima, na bwana aliyekuwa amesimama mlangoni mwake.

Ila hamtanielewa nisipoanza na ukaguzi wa vifaa. Usiku wa kuamkia mbio tulipanga foleni, kila mmoja akamwaga mkoba wake mezani. Koti la mvua lenye kofia: waligeuza ndani nje kuona kama mishono imezibwa. Taa mbili za kichwani: ziwashwe zote. Glovu za akiba, miiba ya kufunga chini ya viatu, blanketi la dharura, lile jembamba linalong'aa. Filimbi nikaambiwa niipulize. Kuna dada aliyerudishwa akanunue glovu nyingine kwa sababu zake zilikuwa nyepesi mno, na walifanya vyema kumrudisha.

Sikunung'unika hata kidogo. Anayejua yaliyotokea Gansu, China, mwezi Mei 2021 hawezi kunung'unika mbele ya meza ile. Wakimbiaji 172 walianza mbio za kilomita 100, upepo na mvua ya barafu vikawakuta mlimani, na 21 wakafa. Koti la kuzuia upepo halikuwa kwenye orodha ya vifaa vya lazima. Sita waliokolewa na mchungaji aliyewaingiza pangoni na kuwawashia moto. Kwa hiyo wakaguzi wakali mimi nawapenda, na usiku ule nililala nikiamini niko mikononi mwa watu wanaojua kazi yao.

Asubuhi nayo ilinipa raha ambayo sina budi kuisema. Theluji ilikuwa imeganda barabara, miiba inashika, pumzi inageuka chembe za barafu kwenye skafu. Alama za njia zilionekana vizuri. Nilipanda zipu ikiwa wazi maana jasho ndilo adui: ukifika nalo juu, upepo unalifanyia kazi. Maji niliyabeba ndani ya koti, kwenye mfuko wenye mrija, na kila nikinywa nilipuliza mrija ili yarudi mfukoni yasigande njiani. Betri ya akiba ilikaa kifuani, kwenye joto. Hadi hapo, mtu angeniuliza, ningesema ni mbio bora kuliko zote nilizowahi kukimbia.

Kisha tukatoka kwenye miti.

Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 30 kwa saa ngozi inausikia kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Juu pale upepo ulikuwa mkali zaidi ya huo, unatoka ubavuni, umebeba theluji inayochoma macho. Mbele yangu alikuwapo yule dada wa glovu. Asubuhi alinipita kwa nguvu, sasa alikuwa anayumba. Zipu ya koti ilimshinda kufunga, vidole havikubali. Nikamuuliza hali, akanijibu kwa ulimi mzito kama wa mtu aliyetoka usingizini. Kilichonitia hofu ni kwamba alikuwa hatetemeki tena. Joto la mwili likianza kushuka mtu hutetemeka sana, hiyo ndiyo njia ya mwili kujipasha. Likizidi kushuka, mtetemeko unakoma. Asiyejua hudhani mtu amepata nafuu.

Nikamfunga zipu, nikamshika mkono, tukaelekea hemani. Kwenye ramani waliyotupa pameandikwa wazi: kituo cha juu, hifadhi na maji ya moto.

Mlangoni alisimama bwana mwenye koti nene la manyoya, kikombe kinafuka mkononi.

"Hema ni la wafanyakazi. Wakimbiaji endeleeni kushuka."

"Kaka, huyu dada ameacha kutetemeka. Hawezi kushuka."

"Ana blanketi lake. Si mlikaguliwa?"

Nayarudia maneno hayo kila siku. Si mlikaguliwa! Blanketi lile linarudishia mwili joto lake wenyewe. Mwili ambao karibu hauna joto unarudishiwa nini? Na katika upepo ule nililifungua, likapepea, likachanika kabla sijamzungusha hata mara moja. Aliyehitaji kuondolewa kwenye upepo aliambiwa aendelee kusimama kwenye upepo, na hoja ya kumnyima mlango ikawa ni vile vifaa walivyomlazimisha abebe.

Nikatoa filimbi, nikaipuliza mlangoni pale pale. Nikapuliza tena na tena. Bwana yule akaniambia ninafanya fujo. Ndipo zipu ya hema ikafunguliwa kutoka ndani, akatokea mama mmoja wa kujitolea, akamtazama dada mara moja tu, akamvuta ndani, nami nikafuata. Yule mama alijua anachofanya. Alimvua nguo zenye majimaji, akamwingiza kwenye mfuko wa kulalia, akaweka chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa kifuani na kwapani. Nilipotaka kumsugua miguu akanizuia, akasema asiguswe kwa nguvu. Kinywaji cha moto chenye sukari alimpa baadaye, alipohakikisha anameza vizuri. Baada ya muda dada akaanza kutetemeka upya, na sijawahi kufurahia kumwona mtu akitetemeka namna ile. Walimteremsha kwa sleji, kile chombo cha kuburuta juu ya theluji. Amepona.

Ndani ya hema, nataka hili lieleweke, palikuwa na nafasi. Viti vilikuwa vitupu.

Watu wataniambia mbio za baridi ni ngumu kwa asili yake, asiyeweza abaki nyumbani. Ugumu naujua na ndio ninaoufuata. Spine Race ya Uingereza hukimbiwa Januari, zaidi ya kilomita 400, na mwaka 2019 Jasmin Paris aliwashinda wote, wanaume kwa wanawake, kwa saa 83 na dakika chache, huku akikamua maziwa ya mwanawe kwenye vituo. Aliyakamua vituoni kwa sababu vituo vilikuwapo na aliingia ndani. Mlima uwe mgumu utakavyo, mlango wa kituo ufunguke.

Nilipokuwa naandika mara ya kwanza nilianza kulegea. Nikawaza, huenda bwana yule alipewa amri, huenda naye alisimama kwenye baridi tangu alfajiri, huenda aliogopa hema likijaa watu wazima atakosa pa kuweka wagonjwa. Nikaandika nyota tatu: moja ya ukaguzi, moja ya njia, moja ya yule mama. Nilikuwa tayari kuacha hapo.

Kisha nikafungua matokeo yangu. Nimeongezewa dakika za adhabu, na sababu imeandikwa: kupokea msaada nje ya eneo lililoruhusiwa. Nikawaandikia. Wakajibu kwamba msimamizi alifuata utaratibu na wananitakia mazoezi mema. Kuhusu dada hawakuuliza neno. Dakika wabaki nazo, sizihitaji. Lakini adhabu hiyo inamfundisha kila atakayepita pale mwakani kwamba ukimwona mwenzio anaganda, hesabu kwanza muda wako.

Nyota mbili nimezifuta. Iliyobaki ni ya yule mama, wala si yao, hata kama mfumo utaihesabu kwao.

Nitarudi? Leo nasema hapana. Njia ile naiota usiku, sitawadanganya, na usajili ukifunguliwa sijui nitajizuia vipi. Wewe unayetaka kwenda, kabla hujalipa waandikie swali hili na usikubali jibu la simu: mkimbiaji akizidiwa kwenye kituo cha juu, anaruhusiwa kuingia hemani, ndiyo au hapana? Mimi nimewauliza hivyo hivyo kwa maandishi. Bado nasubiri.