Miezi minne na mafuta ya CBD: usingizi umerudi kidogo, goti bado

Ninatunza wazee hapa Columbus, Ohio, zamu ya usiku, huu mwaka wa sita. Aliyewahi kuifanya zamu hiyo anaelewa: unatoka saa moja asubuhi umechoka hoi, ukifika kitandani usingizi hauji. Juu ya hilo goti la kulia linaniuma tangu mwaka juzi kwa sababu ya kuinua na kugeuza wagonjwa. Mwenzangu wa zamu akanishauri nijaribu mafuta ya CBD, yanayotokana na mmea wa bangi. Nilishtuka. Nimezaliwa Tanga, kwetu bangi ni bangi, na binti akihusishwa nayo wazazi wanaona haya kupita barazani. Kwa hiyo nilisoma kwanza, nikanunua baadaye, na bado nilipigwa.

Mmea ni uleule mmoja. Ndani yake kuna kemikali nyingi, mbili zinatajwa zaidi: THC, ambayo ndiyo inayolewesha, na CBD, ambayo hailewishi. Sheria ya kilimo ya Marekani ya Desemba 2018 iliruhusu kulima mmea wenye THC isiyozidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu, na huo wanauita hempu. Nimeona watu wanauandika "katani". Samahani, kwa mtu wa Tanga katani ni mkonge, ule wa kamba na magunia, tusije tukachanganyana.

Chupa ya kwanza niliichukua kwenye kituo cha mafuta, dola 40. Ilinukia mnanaa, imeandikwa miligramu 1000, lakini haina namba ya toleo wala jina la maabara iliyoipima. Nilitumia wiki tatu sikuhisi lolote. Baadaye nikasoma utafiti wa mwaka 2017: watafiti walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni wakazipima, wakakuta 26 tu ndizo zenye kiasi kinachokaribiana na kilichoandikwa. Nyingine zilikuwa na pungufu, nyingi zikiwa na zaidi, na 18 zilikutwa na THC. Hilo la THC ndilo lililonitisha. Kazini kwangu tunapimwa mkojo, na kipimo hakiulizi kama ulijua kilichomo.

Chupa ya pili nilitafuta kwa siku kadhaa. Dola 60, mililita 30, miligramu 1500, kwa hiyo kila mililita ina 50. Kwenye boksi kuna alama ya kupiga picha kwa simu, inakufungulia karatasi ya maabara. Angalia mambo manne kwenye karatasi hiyo: namba ya toleo ifanane na ya chupa yako, kiasi cha CBD kilichopimwa, kiasi cha THC, na kama walipima dawa za kuua wadudu na madini mazito kama risasi, maana mmea huu unafyonza vya ardhini. Yangu ilikuwa CBD tupu, iliyotenganishwa na kila kitu kingine. Wauzaji wengi wanasifia mafuta ya mmea mzima, wanasema kemikali zikiwa pamoja zinasaidiana. Sawa, lakini hayo yana THC kidogo, na kidogo kidogo kila siku inaweza kujikusanya mwilini mpaka ikatokea kwenye kipimo.

Kuhusu aina za bangi nilikwenda kuuliza kwenye duka lenye leseni, maana Ohio wanauza kwa watu wazima tangu Agosti 2024. Kijana wa kaunta akanieleza kwa upole: indica ni ya kulala, sativa ni ya kuchangamka, na nyingine ni mchanganyiko. Ukutani majina kibao, likiwemo moja lililobeba jina la mji wa Durban. Niliondoka nikiamini, ila nilipozidi kusoma nikaona mgawanyo ule unahusu zaidi umbo la mmea, majani mapana au membamba. Maua mawili yenye jina moja kutoka mashamba mawili yanaweza kuwa na kemikali tofauti kabisa. Kwa mtu anayefikiria afya yake, mgawanyo wenye maana ni huu: mmea wenye THC nyingi, wenye CBD nyingi, au wenye zote mbili kwa wingi. Jina la ukutani halikuambii hilo, karatasi ya maabara inakuambia.

Sasa matokeo. Nilianza na miligramu 25 nikishakula, nusu saa kabla ya kulala. Chakula ni muhimu kuliko nilivyodhani: CBD inayeyuka kwenye mafuta, na ukiinywa baada ya mlo wenye mafuta inaweza kuingia mwilini mara nne au zaidi kuliko tumboni mkiwa patupu. Wali wangu wa nazi ukapata kazi mpya. Wiki ya pili nikaanza kulala kwa muda wa saa tano badala ya tatu. Nikapandisha hadi 50, nikaharisha siku mbili, nikarudi 25. Mwezi wa tatu niliacha wiki nzima ili nijipime, usingizi ukapungua, ila si kama zamani. Sehemu yake huenda ni imani tu, na pia nilikuwa nimeweka mapazia mazito.

Goti halijabadilika hata kidogo. Lililosaidia ni mazoezi ya mtaalamu wa viungo.

Ushahidi mzito wa CBD uko kwenye kifafa. Juni 2018 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliidhinisha Epidiolex kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto. Kipimo chake cha kawaida ni miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku. Mimi nina kilo 70, ningehitaji 700, yaani chupa yangu ya dola 60 ingekwisha siku mbili. Mtu akikuambia matone yake yanatibu kifafa, sukari na saratani, mwonyeshe hesabu hiyo. Na kidogo nacho si cha kuchezea: Oktoba 2023 Uingereza iliwashauri watu wazima wenye afya wasizidishe miligramu 10 kwa siku, kwa kuhofia ini. Mimi nimezidi hapo, ndiyo maana daktari wangu anajua na amenipima ini mara mbili. Liko salama hadi sasa.

Mama alinisikia kwenye simu akaniomba nimtumie, miguu inamuuma. Nilimkatalia, na iliniuma kumkatalia. Anatumia warfarin ya kuzuia damu kuganda, na CBD inachelewesha ini kuivunja dawa hiyo, damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Halafu Tanzania bangi ni kosa chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, siwezi kumtia mama yangu kwenye mikono ya polisi kwa kifurushi.

Mume wangu ni dereva wa lori, naye nimemkataza kuigusa. Februari 2020 wizara ya usafirishaji ya Marekani iliwatangazia madereva kwamba ukikutwa na THC, kusema ulitumia CBD si utetezi. Chupa naiweka kwenye droo yangu na karatasi yake ya maabara. Nitanunua nyingine hii ikiisha, kwa ajili ya usingizi peke yake.