Taulo la mtoto mchanga: kabla hujalipa, lidondoshee maji

Nilijifungua mwezi wa sita, na anayeijua Mbeya anajua mwezi wa sita ni baridi ya namna gani. Taulo nilishanunua mapema, lile la kofia yenye masikio ya sungura, 18,000, laini mpaka unatamani kulilalia. Tulisubiri zile saa 24 Shirika la Afya Duniani linazoshauri kabla ya kumwogesha, siku ilipofika mama mkwe akamtoa mtoto kwenye beseni akamfunga nalo, anafuta anafuta, mtoto bado anateleza maji, taulo linayasukuma tu kutoka mgongoni kwenda kwapani na mtoto analia midomo inatetemeka. Mama akaliweka pembeni, "mwanangu, hili si taulo, hili ni blanketi," akavua khanga aliyojitanda akamkausha nayo.

Nikasoma lebo baadaye. Poliesta asilimia 100. Na muuzaji aliniapia ni pamba tupu.

Sasa mambo ya rangi, kofia na ukubwa mtaamua wenyewe, mimi nina swali moja tu, linanyonya? Pamba inakunywa maji, poliesta haiyanywi, yanabaki juu ya ngozi, yakikauka yanaondoka na joto la mtoto, na yanayojificha kwenye mikunjo ya shingo, nyuma ya masikio na mapajani ndiyo yanamchubua. Kwa hiyo dondosha tone la maji kwenye taulo. Likizama papo hapo vizuri, likisimama kama shanga lirudishe. Taulo jipya la pamba nalo linaweza kukataa maji mwanzoni kwa sababu ya dawa za kiwandani, hilo lifue mara mbili kwanza, na usiweke ile dawa ya kulainisha nguo maana inaacha utando na taulo halinyonyi tena. Una wasiwasi bado? Chomoa uzi uuchome, wa pamba unaungua kama karatasi unaacha majivu laini, wa poliesta unayeyuka unakuwa kidonge kigumu.

Namba moja kwangu ni mtumba wa Uingereza wenye lebo ya Mothercare, kampuni ya vitu vya watoto, na hapa sifichi mapenzi yangu. Yale niliyopata sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, yote yalikuwa pamba, yameshafuliwa yakalainika, tone linazama kabla hujatoa kidole, na la mwisho nililipa 6,000. Nenda siku wanafungua belo, asubuhi, kabla kamera, yaani vile vizuri vya daraja la kwanza, hazijachukuliwa. Maduka yao ya Uingereza yalifungwa Januari 2020 kwa hiyo ukilikuta usiseme utarudi kesho. Ukifika nyumbani lichemshe, anika juani, piga pasi.

Namba mbili ni khanga ya pamba iliyozeeka, mbili mbili, moja ya kufuta na nyingine kavu ya kumfunga. Anza kichwani, ndiko joto linakopotelea, halafu gusagusa, usisugue.

Namba tatu taulo la kawaida la pamba la watu wazima, unalikata vipande viwili unapinda kingo. Nepi za kitambaa nazo zinafaa, ila ni ndogo. Yale ya manyoya ya bei rahisi pita.

Na poda haikaushi mtoto jamani, vumbi lake analivuta mpaka kwenye mapafu, hata Johnson & Johnson waliacha kuuza poda ya talki dunia nzima 2023.

Kinachoniuma ni hawa wauzaji, wakiona tumbo tu unaitwa mama kijacho na bei inapanda, vitu vyote vya mtoto vinakuwa "pamba". Nililirudisha lile taulo dukani wakaniambia limeshatumika hawapokei, sasa ningejuaje halinyonyi bila kulitumia? Siku hizi natembea na kichupa cha maji kwenye mkoba, muuzaji akinikataza kudondosha tone moja naenda duka la pili.