Miezi minne na programu ya kupiga picha hesabu: nyota tatu

Nimerudi kusoma ukubwani. Ni mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne, darasa langu ni kaunta ya duka la vitenge, na hesabu ndiyo iliyoniangusha mara ya kwanza. Kijana wa duka la jirani akaniwekea hii programu kwenye simu: unapiga picha swali, inakuletea jibu na hatua zake.

Milinganyo ya kawaida inaipiga fasta. Mimi nilikuwa nakwama kwenye ile ambayo x imekaa chini, kwenye asili ya sehemu, kwa hiyo huko ndiko nilikoitumia zaidi.

Kwanza kamera. Mwandiko wangu si mzuri, na mstari wa sehemu ukiuchora mfupi, 1/(x + 2) inasomeka 1/x + 2. Programu haiulizi, inatatua swali la mtu mwingine kwa ujasiri kabisa. Nilipoteza jioni mbili kabla sijagundua. Siku hizi naangalia kwanza ilichokiandika yenyewe, ndipo nafuata hatua.

Halafu likaja swali hili: x/(x − 3) = 3/(x − 3) + 2. Nikazidisha kila kitu kwa x − 3, nikapata x = 3 + 2(x − 3), mwisho x = 3. Safi. Programu ikaleta kiduara kilichokatwa na mstari. Nikadhani ni sifuri, nikaandika x = 0 daftarini (msinicheke). Nikaiweka 0 kwenye swali: kushoto 0, kulia 1. Nikaiweka 3 yangu: asili ikawa sifuri, na kugawa kwa sifuri hakuna. Kile kiduara kumbe maana yake hakuna jibu lolote. Nilipokosea ni pale pa kuzidisha: kama x ni 3, basi nimezidisha pande zote kwa sifuri, na sifuri na sifuri zinalingana hata kama mwanzo hazikulingana. Programu ilikuwa imeandika x ≠ 3 mstari wa kwanza kabisa, kwa herufi ndogo kama masharti ya mkopo. Ingeiweka nyekundu, tungeelewana mapema.

Lakini isikuzoeshe kuiachia kila kitu. Swali la mabomba: bomba moja linajaza tangi kwa saa x, la pili linachelewa kwa saa 5 zaidi, yakifunguliwa pamoja ni saa 6. Mlinganyo ni 1/x + 1/(x + 5) = 1/6. KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani kidogo kabisa kinachogawanyika kwa kila asili) ya asili zote ni 6x(x + 5); ukizidisha unabaki na x² − 7x − 30 = 0, yaani (x − 10)(x + 3) = 0. Programu ikaniletea 10 na −3, zote mbili. Kimahesabu iko sawa, maana hakuna asili inayogeuka sifuri. Ila haijui kwamba tunaongelea bomba, na hakuna bomba linalojaza tangi kwa saa hasi tatu. Hapo unakata mwenyewe.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya kamera. Nyingine kwa sababu maelezo yote ni Kiingereza, na ya bure yanaruka hatua palepale ulipokwama: inafika kwenye KDS, inakuambia lipia. Nililipia mwezi mmoja, nikaona maelezo ya ziada yanafaa, lakini si kwa bei ile kila mwezi.

Ninavyoitumia sasa: nafanya swali mwenyewe mpaka mwisho, naandika pembeni x isiyoruhusiwa, narudisha jibu kwenye swali la mwanzo, ndipo nawasha kamera. Mara nyingi tunakubaliana. Mtihani ni Novemba na simu haiingii chumbani, kwa hiyo Oktoba naifuta.