Walisugua boneti yangu kwa stilwaya, halafu wakaniita msumbufu

Nilisema nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, basi acha niandike nazo.

Gari langu linashinda Capri Point, chini ya mti ambao korongo wameuhamia. Mtu wa Mwanza anawajua, wale wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, wanaogombania matumbo ya samaki pale Mwaloni Kirumba. Kinyesi chao kinamwagika kizito kama chokaa, na jua la saa saba likikikuta juu ya boneti kinaokwa palepale. Mimi nilikuwa na madoa ya kiangazi kizima, na gari lenyewe ni bluu iliyokoza, kwa hiyo yanaonekana hata ukiwa ng'ambo ya barabara.

Kuna sehemu ya kuosha magari kandokando ya ziwa, jina nawahifadhia, bango lao linajinadi kwa kutoa madoa sugu. Nikawapelekea. Na haki yao niwape: ndani walisafisha vizuri mno. Mazulia yote walitoa, viti wakavipiga povu, hata mifereji ya milango ambayo wengi wanairuka waliipitisha brashi. Kwa kazi hiyo peke yake ningewapa nyota nne bila kusita.

Sasa njoo nje. Kijana kachovya stilwaya, hii hii ya kusugulia masufuria, kwenye maji ya sabuni ya unga, kaegemea boneti kwa nguvu zake zote. Mlio wenyewe ulinifanya niinuke kwenye benchi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, acha, unachuna rangi!" Maskini akasimama, akamtazama bosi wake. Bosi yuko kwenye kiti cha plastiki, macho kwenye simu, hata hakuyainua: "Endelea wewe. Doa halibembelezwi." Kisha akaniambia mimi: "Mama, gari lenyewe la zamani hili, unataka tulifanye jipya? Wateja wasumbufu kama nyie ndio mnatuchelewesha."

Yule kijana simlaumu. Mwenye kauli ile ndiye ninayemsema.

Boneti ilipokauka, ukiinama usawa wa taa unaona duara la mikwaruzo myembamba iliyopishana, upana wa sinia, rangi imepauka. Na katikati ya duara lile doa lipo! Limebaki na umbo lake lilelile. Nikalipishwa elfu kumi na tano.

Nilipelekwa na jirani kwa mzee mmoja fundi rangi, Pasiansi. Akanipokea kwa mwangaluka, salamu ya Kisukuma, akazunguka gari kimya, akapitisha ukucha juu ya mikwaruzo. Ukucha ukiteleza, akasema, bado tuko kwenye klia. Ukikwama, mkwaruzo umezama. Klia ni lile tabaka la juu linalong'aa, na lote halifikii hata unene wa unywele, sasa fikiria stilwaya inafanya nini pale. Kinyesi cha ndege kina tindikali inayoila klia, na joto la jua linaichochea, ndiyo maana doa la zamani linaacha shimo hata ukiliosha. Alilaza vitambaa vilivyolowekwa maji ya uvuguvugu juu ya madoa, akaviacha vikae mpaka uchafu ukalainika, akauinua bila kukandamiza. Palipobaki alama akapita taratibu na msasa wa maji namba 2000, kisha kompaundi ya kung'arishia na mashine. Lami ya milangoni aliifuta kwa mafuta ya taa kidogo na kuosha papo hapo. Jamani, nilijiona kwenye boneti yangu! Madoa mengi yameondoka kabisa.

Ila mikwaruzo miwili ukucha ulikwama. Mzee akasema hapo dawa ni kupaka boneti upya, na hela ya kunidanganya hawezi kuichukua.

Nilivyosikia hivyo, zile nyota nne nimezifuta. Zulia safi linanisaidia nini? Na kwa kuwa nimeshachafukwa, niseme na hili: maji yao ya sabuni na grisi yanateremka mtaroni moja kwa moja hadi ziwani, wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Maji hayohayo ndimo tunamovua dagaa.

Nilirudi kwa yule bosi na gari, nikamwonyesha ile miwili. Jibu lake: "Ulikuja nayo." Mbele ya kijana wake aliyejua ukweli, na kijana akainamisha kichwa.

Gharama ya kupaka boneti naidai kwake. Mpaka ailipe, Jumamosi asubuhi foleni yake ikijaa nitakuwa nimeegesha pale mlangoni, na kila mteja atakayetaka kuiona ataonyeshwa.