Uzoefu wangu: Corsair Vengeance LPX 3200, na namna ya kuipata hiyo 3200 yenyewe

Wakuu, naediti video za harusi, send-off na kwaya hapa Mwanjelwa, Mbeya, na RAM hii (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) nimekaa nayo tangu baridi ya Juni hadi hili vumbi la Oktoba. Ni Corsair Vengeance LPX, DDR4, jozi ya GB 8 kwa GB 8. Niliagiza Kariakoo, ikapanda basi, nikaipokea stendi ikiwa salama. Ni RAM nzuri, nunueni. Ila msipogusa BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, mtakuwa mmelipia kasi ya 3200 huku mnatumia 2133.

Hilo ndilo linalowatatiza wengi. Jirani yangu aliponiona nimeifunga akafungua Task Manager, akakuta 2133, akaniambia kwa uchungu kabisa kwamba nimeuziwa feki. Sikuuziwa feki. Kila kipande cha RAM kina kichipu kidogo kinachotunza taarifa zake. Mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ikiwaka inasoma kwanza zile za kawaida, zinazofuata viwango vya JEDEC, shirika linaloweka viwango vya kumbukumbu, na kwa jozi hii ni 2133 kwa volti 1.2. Hiyo 3200 kwa volti 1.35 imehifadhiwa kwenye profaili nyingine iitwayo XMP, utaratibu wa Intel, na mazabodi haiigusi mpaka mwenye kompyuta airuhusu. Natamani wauzaji wangekuwa wanamwambia mteja hili kabla hajatoa pesa.

Mazabodi yangu ni MSI B550M PRO-VDH WIFI na prosesa ni Ryzen 5 5600G. Unawasha huku unabonyeza Delete, BIOS inafunguka, sehemu ya juu kuna kitufe cha A-XMP. Nikakiwasha, namba ikaruka hadi 3200, nikabonyeza F10 kuhifadhi. Kioo kikabaki cheusi kwa muda, feni zinazunguka. Hapo usichomoe waya kwa hofu, mazabodi inajipima na RAM kwa kasi mpya. Kwenye ASUS za AMD mtakuta imeandikwa DOCP, na wenye DDR5 za AMD watafute EXPO.

Kabla ya hayo angalieni matundu. Mazabodi ya matundu manne inataka RAM mbili zikae la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, yaani A2 na B2. Nimeshafungua kompyuta za watu hapa mtaani nikakuta mbili zimebanana matundu ya jirani. Zinawaka vizuri tu, lakini zinagombania njia moja ya data kwenda kwenye prosesa wakati ya pili iko tupu.

Kwangu mimi jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu sina kadi ya picha. Grafiksi za 5600G zimo ndani ya prosesa na hazina kumbukumbu yao, zinakula kwenye RAM hiihii. Kwa njia mbili, 2133 inapitisha data kama GB 34 kwa sekunde. 3200 inafika 51.2. Nimeiona tofauti hiyo kazini. Video niliyoipaka rangi, shela jeupe na suti nyeusi fremu moja, zamani ilikuwa inakwama nikiipitisha, sasa inatembea. Kurenda (kutoa video iliyokamilika) kumepungua muda kidogo tu, sitawadanganya. Mdogo wangu anayecheza FIFA ndiye aliyefurahi kuliko mimi.

Ukitumia CPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za prosesa na RAM, utaona 1600. Ni sahihi: DDR inabeba data mara mbili kwa kila pigo la saa, kwa hiyo 1600 hiyo ndiyo 3200.

Halafu pimeni. Wekeni MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye fleshi, muiache ifanye kazi usiku kucha, kompyuta ikiwa kwenye UPS. Kosa hata moja likitokea, shusheni kasi. RAM yenye makosa huharibu faili kimyakimya, na harusi ya mtu hairudiwi. Yangu ilipita bila kosa lolote, na 3200 ni kasi ambayo AMD wenyewe wameiidhinisha kwa prosesa hii.

Mkikuta siku moja imerudi 2133, angalieni betri ndogo ya mazabodi, ile CR2032. Ikichoka, umeme ukikatika mipangilio yote ya BIOS inafutika. Kusasisha BIOS nako kunaweza kuirudisha ilikoanzia, ni kuwasha XMP tena.

Wa kutoinunua wapo. Mwenye prosesa ya Intel i3-10100 kwenye mazabodi ya H410 atafungwa kwenye 2666 hata afanye nini, anunue ya 2666 atunze pesa yake. Na kama hutaki kabisa kuingia BIOS, tafuta 3200 ya volti 1.2. Hiyo inakimbia 3200 yenyewe pale prosesa na mazabodi vinaporuhusu, ingawa majira yake, yaani mapigo ya saa inayosubiri kabla ya kujibu, huwa CL22 badala ya CL16 ya hii.

Nataka kufika GB 32 baadaye. Nitaiuza jozi hii ninunue ya 16 kwa 16, kwa sababu RAM nne huipa mazabodi kazi ngumu zaidi kushika kasi, na ukichanganya na ya kasi ndogo zote zinashuka kuifuata. Aliyepo Mbeya anayetaka kuiona ikifanya kazi kabla ya kununua, karibu Mwanjelwa.