Vijiti vya Cuisenaire: miezi minne na mpwa wangu wa miaka 13

Naandika kwa ajili ya wenye mtoto wa miaka 11 hadi 14 ambaye hesabu zimemshinda na kila mtu anawaambia "mpe mazoezi zaidi". Mpwa wangu mazoezi alikuwa nayo tele jamani. Kuzidisha kwa kupanga anajua, kugawanya anajua, ila mpe 99 + 47 anaandika moja juu ya nyingine anaanza kubeba, haoni kabisa kwamba 99 imebakiza moja tu ifike 100, kwahiyo ukichukua moja kwa 47 unabaki na 100 na 46 na kazi imeisha. Siku moja akaandika 1/3 + 1/4 = 2/7, nikamuuliza una uhakika, akasema ndio mjomba, juu kwa juu, chini kwa chini. Hapo ndo nikaelewa kwamba namba kwake ni maandishi tu, hazina ukubwa.

Nikanunua hivi vijiti. Kama hujawahi kuviona, ni vipande vya mbao au plastiki vya urefu wa aina 10, kuanzia sm 1 mpaka sm 10, na kila urefu una rangi yake: cheupe 1, chekundu 2, kijani mpauko 3, zambarau 4, njano 5, kijani kilichokolea 6, cheusi 7, kahawia 8, bluu 9, chungwa 10. Alivibuni mwalimu wa Ubelgiji, Georges Cuisenaire, halafu Caleb Gattegno akavitembeza nchi nyingi kuanzia miaka ya 1950. Havijaandikwa namba yoyote, na mwanzoni niliona ni kasoro, kumbe ndo utamu wake wote uko hapo. Chekundu ukikiweka pembeni ya zambarau ni nusu, pembeni ya kijani kilichokolea ni theluthi, pembeni ya chungwa ni moja ya tano. Kijiti kilekile! Mtoto aliyezoea kusoma 1/2 kama "moja na mbili" analazimika kujiuliza: nusu ya nini?

Turudi kwenye ile 2/7 maana ndo iliyonifanya niandike haya. Tuliunga chungwa na chekundu, ikawa 12, tukasema hii ndo nzima yetu. Kinachoingia mara tatu ni zambarau, kinachoingia mara nne ni kijani mpauko, ukiviunga hivyo viwili unapata urefu wa cheusi, yaani 7/12. Sikumwambia amekosea. Nikamwambia haya, sasa tuipime na ile yako, tukapanga chungwa mbili na cheupe kimoja, 21, humo 1/7 ni kijani mpauko kwahiyo 2/7 ni viwili, na 1/3 ni cheusi. Vile vijani viwili vikawa vifupi kuliko cheusi kwa cheupe kimoja. Akavitazama muda mrefu, halafu akasema "sasa mjomba, nimechukua theluthi, nikaongeza robo, halafu imepungua?" Nilikaribia kulia, maana swali hilo hajawahi kuliuliza maisha yake yote na hakuna niliyemwona akimfundisha kuuliza.

Tangu hapo sheria yetu ni moja tu, kabla hujagusa kijiti kadiria kwanza, itazidi nusu au haifiki, itazidi moja au la. Na akishapata jibu afumbe macho aniambie alivyoviona vimekaa, la sivyo atabaki kuvitegemea kama wengine wanavyotegemea kalkuleta.

Mapungufu yapo. Desimali ukiita chungwa kuwa 1 basi cheupe ni 0.1, safi, ila ukifika 0.01 vijiti vimekwama. Namba hasi usijisumbue, chora mstari wa namba. Kuna aibu pia, siku ya kwanza aliniuliza "hivi si vya chekechea?" kwahiyo usianze na 3 + 4, anza na kitu kinachomsumbua kweli, mimi nilimpa 3/4 na 2/3 ipi kubwa (kwenye ile 12 ni bluu na kahawia, zinapishana kidogo tu), akasahau kabisa habari ya chekechea.

Seti yangu ina vipande 74, inamtosha mtoto mmoja au wawili, kwa darasa haitoshi, machungwa ni manne tu. Vyeupe vinapotea hovyo, tafuteni boksi lenye kifuniko. Na kuweni makini na seti za bei ya chee, ya kwanza niliyoletewa rangi zake zilikuwa zimechanganywa, njano ndo ilikuwa 4, na urefu haulingani sawasawa, viwili vya 5 havifiki chungwa, sasa hapo unamfundisha mtoto nini? Niliirudisha. Chukua ya mbao, ukishaifungua tu panga njano mbili pembeni ya chungwa uone kama zinalingana.

Naipa 4 kati ya 5, na hiyo moja nimeikata kwa sababu ya namba hasi.